Kuchagua kisomaji cha vitabu: anza na vitabu vyako, duka lisubiri

Swali ninaloulizwa mara nyingi ni hili: "Nichukue Kindle gani?" Nami hujibu kwa kuuliza: vitabu kumi vya mwisho ulivyosoma ni vipi, na ulivipata wapi? Wengi hunyamaza kidogo, maana walitaraji niwatajie jina la kifaa na bei yake. Lakini nimeshaona vifaa vizuri sana vikilala kabatini miezi na miezi, vizima kabisa, kwa sababu tu vitabu vya mwenyewe vilikataa kuingia, au viliingia maandishi yakawa madogo kama mbegu za mchicha. Ndiyo maana katika mwongozo huu duka la kununulia kifaa linakuja mwisho.

Kisomaji ninachokizungumzia ni kifaa cha kusomea vitabu vya kidijitali, chenye kioo cha wino wa kielektroniki. Kindle ya Amazon ndiyo iliyozoeleka, hata kila kisomaji huitwa Kindle, kama kila dawa ya meno ilivyoitwa Colgate. Wapo wengine: Kobo, iliyoanzia Toronto na sasa ni mali ya Rakuten ya Japani, PocketBook, na Onyx Boox kutoka China. Tofauti kati yao ni kubwa kuliko zinavyoonekana pichani.

Kwanza: hakikisha unakihitaji

Kioo cha simu hukupiga mwanga machoni. Kioo cha wino wa kielektroniki kinafanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Ndani yake mna vifuko vidogo mno, na kila kifuko kina chembe nyeupe na chembe nyeusi zenye chaji za umeme zinazopingana. Unapofungua ukurasa, umeme huzipandisha baadhi na kuzishusha nyingine, herufi zinajichora, kisha chembe zinabaki pale pale bila kuhitaji umeme tena. Kwa hiyo betri hukaa kwa wiki kadhaa, na jua halikifanyi kioo kuwa cheusi. Niliwahi kukaa sehemu ya juu ya boti ya kwenda Unguja, saa saba mchana, jua la utosi. Simu yangu ilikuwa imegeuka kioo cha kujitazamia, lakini ukurasa wa kisomaji ulikuwa wazi kama gazeti. Kwa anayeishi pasipo umeme wa uhakika, au mwenye macho yanayouma baada ya nusu saa ya simu, hiyo peke yake ni sababu ya kutosha.

Sasa upande wa pili. Kisomaji hakichezi video, hakina kasi, na mara nyingi kina rangi nyeusi na nyeupe tu. Kama unamtafutia mtoto wa miaka sita kitu cha kusomea hadithi zenye picha, kama zile za Kiswahili zinazopatikana bure kwenye African Storybook, mnunulie kishikwambi cha kawaida. Picha zile zimechorwa kwa rangi, na mtoto anastahili kuziona kwa rangi zake. Vivyo hivyo kwa vitabu vya kiada ambavyo lazima uvifungue ndani ya tovuti: ndani ya kisomaji utateseka bure.

Pili: andika vitabu kumi

Chukua daftari. Andika vitabu kumi unavyotaka kusoma mwaka huu, na pembeni ya kila kimoja andika lugha yake na aina ya faili uliyonayo au unayoweza kuipata. Hatua hii ndiyo inayoamua karibu kila kitu kinachofuata, na ndiyo watu wanayoiruka.

Aina zenyewe ni chache. EPUB ni faili ambalo maandishi yake yanajipanga upya kulingana na kioo: ukikuza herufi, mistari inajipanga yenyewe. Kindle ina mafaili yake yanayofanya kazi hiyo hiyo. PDF ni kitu kingine. Ni picha ya ukurasa uliokwisha kupangwa, na ukurasa huo haubadiliki umbo kwa kuwa wewe una kioo kidogo.

Juzi nilikaa na mpwa wangu anayesoma sheria chuo kikuu. Alikuwa ameshachagua kisomaji cha inchi sita, pesa ziko tayari. Nikamwambia tuandike kwanza. Katika kumi zake, saba zilikuwa PDF: notisi za wahadhiri, sheria zilizochapishwa, hukumu, na kitabu kimoja kilichopigwa skani ukurasa kwa ukurasa.

"Mjomba, si zinafunguka tu?" akaniuliza.

Zinafunguka, ndiyo. Nikachukua rula. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21. Kioo cha inchi sita kina upana wa sentimita 9 hivi na urefu wa 12, kwa sababu hizo inchi sita hupimwa kutoka pembe hadi pembe. Upana wote wa ukurasa ukiingia humo, ukurasa unabaki asilimia 43 ya ukubwa wake. Herufi za saizi 12 zinakuwa kama za saizi 5, ndogo kuliko maandishi ya kwenye kikaratasi cha dawa. Ukikata pambizo zote nyeupe, unapata saizi 7. Tukatoka naye hadi kwa kijana wa fotokopi aliye jirani, tukamwomba apunguze ukurasa mmoja wa hukumu hadi asilimia 43. Mpwa wangu akaishika ile karatasi, akaisogeza karibu na uso, akaisogeza mbali, kisha akaikunja bila neno.

Fanya jaribio hilo hilo. Linagharimu bei ya fotokopi moja tu. Kwa kioo cha inchi 7 punguza hadi asilimia 50. Kwa kioo cha inchi 10.3, chenye upana wa karibu sentimita 16, punguza hadi 75: herufi za saizi 12 zinakuwa 9, na ukikata pambizo zinarudi karibu na ukubwa wake wa asili. Msomaji wa PDF anahitaji kioo cha aina hiyo, basi. Kama bei yake haifikiki, ni afadhali aendelee na kishikwambi au kompyuta akiweka akiba taratibu.

Msomaji wa riwaya, wasifu, vitabu vya dini au vya biashara ana raha zaidi. Inchi sita au saba zinamtosha kabisa, na kifaa kinaingia mfuko wa koti.

Neno kuhusu vitabu vya Kiswahili. Tafuta majina yako moja moja kwenye duka la Amazon na la Kobo kabla hujatoa shilingi. Riwaya na tamthilia zetu nyingi bado zipo kwenye karatasi tu, na usidhani kitabu kipo kwa sababu ni maarufu. Na yale mafaili ya riwaya yanayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp yasihesabiwe kwenye orodha yako. Wengi wa waandishi wale wako hai, wanaishi katika miji hii hii tunayoishi, na nakala ile haiwapi hata senti. Kinachopatikana bure kihalali kipo kingi: Project Gutenberg, iliyoanzishwa na Michael Hart mwaka 1971, ina zaidi ya vitabu 70,000, vingi vikiwa vya Kiingereza, na unavipakua kwa EPUB bila kujiandikisha.

Tatu: fuata njia ya kitabu hadi ndani ya kifaa

Sasa jiulize: kitabu kitatoka wapi, kitalipiwaje, na kitapita wapi hadi kifike kwenye kisomaji?

Kindle imefungwa kwenye duka la Amazon. Hilo ni duka kubwa kuliko mengine na vitabu vyake ni vingi, hilo halina ubishi. Lakini Kindle haifungui EPUB uliyoichomeka moja kwa moja kwa waya wa USB. Lazima uitume kupitia huduma ya Send to Kindle, ambayo huipokea kwa intaneti, huibadilisha na kuishusha kwenye kifaa, au uibadilishe mwenyewe kwenye kompyuta kwa calibre, programu ya bure inayofaa kuwa nayo hata ukinunua kisomaji cha aina gani. Zaidi ya hayo, tangu tarehe 26 Februari 2025 Amazon iliondoa njia ya kupakua kwenye kompyuta vitabu ulivyonunua na kuvihamisha kwa waya. Maana yake, kitabu ulicholipia kinafika kwenye Kindle yako kwa WiFi na kupitia akaunti yako. Akaunti ikifungwa, maktaba yako imefungwa nayo. Mimi jambo hilo linanisumbua, nami nalisema wazi kwa kila anayeniuliza.

Kobo na PocketBook zinafungua EPUB bila ya mzunguko wowote. Unachomeka waya, unanakili faili kama unavyonakili nyimbo kwenye flashi, unachomoa, unasoma. Kwa mtu ambaye intaneti yake ni ya vifurushi vya simu, au anayeazima kompyuta ya ofisini mara moja kwa wiki, wepesi huu una thamani kuliko sifa nyingine yoyote. Boox inatumia Android, kwa hiyo unaweza kuweka programu ya Kindle na ya Kobo zote mbili ndani ya kifaa kimoja. Ubaya wake ni kwamba betri inaisha upesi zaidi na mipangilio ni mingi, na mtu asiyependa kuchokonoa vifaa atachoka.

Kumbuka kufuli. Vitabu vingi vinavyouzwa huwekewa kufuli la kidijitali: kilichonunuliwa Amazon hakifunguki kwenye Kobo, wala cha Kobo hakifunguki kwenye Kindle. Ukishanunua vitabu hamsini upande mmoja, kuhama ni kazi. Ndiyo maana ninasema chagua duka la vitabu kabla ya kuchagua kifaa.

Malipo yanahitaji kadi ya benki inayokubali manunuzi ya mtandaoni, au kadi za mtandaoni zinazotolewa ndani ya huduma za pesa za simu. Jaribu kadi yako kwa kununua kitabu kimoja cha bei ndogo kwenye tovuti ya Amazon au ya Kobo, kisha ukifungue kwenye programu ya simu ya Kindle au ya Kobo. Programu hizo ni za bure, kwa hiyo utajua kama kadi inapita kabla ya kununua kifaa chenyewe.

Ndugu walioko Marekani wana faida nyingine: kadi ya maktaba ya mji inawawezesha kuazima vitabu vya kidijitali bure kupitia programu ya Libby, na kwa Marekani vinaingia hata kwenye Kindle. Aliyeko Uingereza au Kanada, mwenye kadi ya maktaba inayoshiriki huduma ya OverDrive, achukue Kobo, kwa sababu kule uazimaji wa kwenye Kindle haupo na Kobo ina OverDrive ndani yake.

Nne: soma sifa za kioo bila kubabaishwa

Tazama idadi ya nukta kwa inchi. Kioo cha nukta 300 kina herufi zilizokatwa vizuri kama za kuchapwa. Kindle za kawaida za zamani, hadi ile ya mwaka 2019, zilikuwa na 167 tu, na ukizisogeza karibu unaona kingo za herufi zikiwa na vijino. Bado zinauzwa zikiwa zimetumika, na muuzaji hatakwambia.

Mwanga wa ndani ni wa lazima kwa anayesoma usiku. Mwanga unaobadilika rangi kutoka mweupe hadi wa njano kama wa kandili ni anasa nzuri. Mimi nikishauzoea sikutaka tena kurudi nyuma, lakini si wa kukopea pesa.

Rangi? Kobo zenye rangi za mwaka 2024 zinaonyesha maandishi meusi kwa nukta 300, ila picha za rangi kwa nukta 150, na kichujio cha rangi kilichowekwa juu ya kioo kinaufanya ukurasa kuwa na weusi kidogo kuliko kioo cha kawaida. Rangi zenyewe ni pole, kama kitenge kilichofuliwa sana. Ni nzuri kwa kupigia mistari na kwa majalada ya vitabu. Kama unasoma maandishi matupu, chukua cheusi na cheupe.

Hifadhi isikupotezee muda. Riwaya nyingi hazifiki hata megabaiti mbili, na GB 16 zinabeba maelfu ya vitabu. Kinga dhidi ya maji ni muhimu kwa wa pwani na kwa wapanda daladala wakati wa masika. Vitufe vya kugeuzia kurasa ni suala la mkono wako: mwenye vidole vyenye jasho atavipenda.

Tano: vilinganishe kwa jina

Hivi ndivyo nilivyovipanga vifaa vya mwaka 2024, kwa bei za Marekani za wakati vilipotoka.

Kindle ya kawaida, inchi 6, nukta 300, dola 109.99, gramu 158. Haina kinga ya maji wala mwanga wa njano. Hii ni ya anayetaka kuanza, mwenye vitabu vya Amazon. Bei hiyo ni ya toleo linaloonyesha matangazo kioo kikiwa kimelala.

Kindle Paperwhite, inchi 7, dola 159.99, inahimili maji na ina mwanga wa njano. Kwa msomaji wa Kiingereza anayenunua sana Amazon, sioni iliyo bora kwa bei hiyo.

Kobo Clara BW, inchi 6, dola 129.99. Ina kinga ya maji, mwanga wa njano, na haina matangazo. Hii ndiyo ninayowashauri wengi wa hapa kwetu, kwa sababu ya EPUB na waya.

Kobo Libra Colour, inchi 7, yenye rangi na vitufe vya pembeni, dola 219.99. Nzuri, lakini jiulize kama ile tofauti ya dola 90 kati yake na Clara BW isingekununulia vitabu vya mwaka mzima.

Sita: hesabu hadi kifike mkononi

Bei ya Marekani si bei yako. Ongeza usafirishaji na kodi za forodha, pamoja na VAT, ambayo ni asilimia 18 Tanzania na Uganda, na 16 Kenya. Ukinunua kwa wauzaji wa hapa, muulize swali moja: "Bei hii ni pamoja na kila kitu, au kuna cha kulipia nikija kuchukua?" Kisha weka pesa ya kava gumu tangu mwanzo. Kioo cha wino wa kielektroniki kinaweza kupasuka kwa ndani huku juu hakina hata mkwaruzo, na kikipasuka hakitengenezeki kwa bei ya maana. Begi lililobanwa na magoti ya abiria linatosha kukimaliza.

Saba: kilichotumika kikaguliwe hapo hapo

Niliwahi kununua Kindle iliyotumika kwenye duka moja la vifaa vya mitumba. Ilikuwa safi, inawaka, kurasa zinageuka. Nilipofika nyumbani nikakuta imeandikishwa kwa akaunti ya mtu nisiyemjua, na niliporudi muuzaji akasema mali ikishatoka haipokelewi. Amazon ikishapewa taarifa kwamba kifaa kimepotea au kimeibiwa, huweza kukizuia kisiandikishwe tena, nawe unabaki na kipande cha plastiki. Tangu siku hiyo sitoi pesa kabla ya kufanya haya.

Washa kifaa, fungua mipangilio, tazama jina la akaunti. Mwambie muuzaji aiondoe mbele yako. Washa hotspot ya simu yako, ingia kwa akaunti yako mwenyewe, shusha kitabu kimoja cha bure. Kikishuka na kufunguka, umevuka sehemu kubwa ya hatari.

Halafu fungua ukurasa mweupe, zima mwanga wa ndani, ukiegemeze kifaa kuelekea dirishani. Tafuta mistari myembamba isiyoondoka ukurasa unapogeuka, au kona iliyobaki na kivuli. Geuza kurasa ishirini ukihesabu. Kiwango cha chaji kisishuke. Gusa pembe zote nne za kioo uone kama zinaitika. Mwisho tazama tundu la chaji: Paperwhite zilipata USB-C mwaka 2021 na Kindle za kawaida mwaka 2022, kwa hiyo tundu la ule mtindo wa zamani linakwambia umri bila kumuuliza mtu.

Siku za mwanzo

Risiti na boksi usitupe. Usiku ule ule weka vitabu viwili: mojawapo ya riwaya kwenye orodha yako, na lile PDF gumu kuliko yote. Soma kurasa thelathini za kila kimoja, kitandani na kisha nje juani, kwa saizi ya herufi inayokupendeza. Kama PDF inakusumbua kwenye Kobo au PocketBook, weka KOReader, programu ya bure inayokata pambizo na kupanga upya mistari vizuri kuliko ile inayokuja na kifaa. Bado inakusumbua? Rudisha kifaa ndani ya siku za marejesho, muuzaji akingali anakukumbuka.

Mpwa wangu hakununua ile ya inchi sita. Pesa zake bado ziko kwenye akiba, ameshafika zaidi ya nusu ya bei ya inchi 10.3 iliyotumika, na ile fotokopi ya asilimia 43 ameibandika ukutani juu ya meza yake ya kusomea.